Kikombe cha Wageni

Kila nikinusa mbao mbichi za msonobari, namwona msichana ambaye baba alirudi naye kutoka Shume, alikokuwa akipasua mbao.

"Huyu ni dada yako, mmechangia baba," alisema. "Mwamkie."

Sikumwamkia. Sweta lake lilinuka utomvu, kama koti la baba.

Mama alimkalisha sebuleni, akampa chai kwenye kikombe cha wageni. Wiki nzima hakumtuma chochote, maana kwetu mgeni hatumwi. Nami nilimchunga mikono, nikidhani ataiba.

Asubuhi moja ya ukungu mama alifoka kutoka jikoni, "Na wewe umekaa tu kama bibi harusi? Beba ndoo, mfuate mwenzio mtoni!"

Aliinuka upesi, nusura amwage chai.

Njiani, bila kumtazama, nilimwambia, "Shikamoo, dada."