Zamu ya Maji Aliyoitoa Kangalu

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, kwa maana wasomaji wako wengi wa huku milimani, juu ya Same, wananifahamu. Nina umri wa miaka ishirini na minne, nimehitimu ualimu, na Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, alipopanda kijijini mimi ndiye niliyemfasiria. Sijisifu; naeleza tu nimesimama wapi.

Mwezi uliopita nilihubiri kanisani juu ya yule Msamaria aliyemhudumia majeruhi njiani. Wazee waliridhika, na mchumba wangu, Naelijwa, alinitazama kama ninavyopenda kutazamwa. Siku ya tatu mjane jirani, aliyepitwa na zamu yake akimuuguza mwanawe, alikuja kuniomba nusu ya zamu yangu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nilimjibu kwa hoja: zamu hupangwa na mzee wa mfereji, sisi hatugawiani. Akaenda kwa Kangalu, mtu asiyejua hata kuandika jina lake. Kangalu akamfungulia maji yote. Maharage yake mwenyewe yamekauka.

Tangu hapo Naelijwa hamalizi siku bila kumtaja. Nilipomkuta njiani na wenzake, akimpelekea Kangalu makande, nilimwuliza, "Tangu lini umekuwa mpishi wake?"

"Tangu maharage yake yalipokufa, Mwalimu. Au makande nayo yana zamu?"

Wenzake wakacheka. Wivu ukanichoma, nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa mfereji kumshitaki Kangalu kwamba ametoa zamu bila ruhusa. Adhabu yake ni kunyimwa maji msimu mzima. Shauri litasikilizwa mwisho wa mwezi, na shahidi ni mimi peke yangu.

Naelijwa ameniambia kwa upole, "Ukisimama pale kusema, waambie wazee wenu waje kuchukua mahari yao."

Msamaria alitoa mafuta na divai yake mwenyewe. Kangalu ametoa maji ya kijiji. Tofauti hiyo naijua vizuri, wala haijanisaidia kitu. Nikipita kando ya shamba la mjane, lilivyostawi, naona uchungu kwamba maji yale hayakuwa yangu.

Ndugu wasomaji, nikitoa ushahidi, nampoteza Naelijwa. Nikifuta mashitaka, watu wale wale niliowahubiria watajua kilichonipeleka kwa mzee. Nishaurini: nifanye lipi, na nikiwa mbele yao niseme nini?