Mstari wa Kwanza Uwe Juu

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, mji wetu wote wa Palma uliulizana nani atapata kazi. Mimi sikuuliza. Nilirudi na diploma ya takwimu niliyoisomea Maputo huku nikibeba saruji mchana, bila mtu wa kunishika mkono, na kazi ilikuwa ikinisubiri. Wilaya nzima hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Tulikuwa tunajaribu dawa mpya ya kuwakinga watoto na malaria. Nusu walipewa mpya, nusu ya zamani, kwa kura, na vidonge vilifanana. Kabla ya mwisho tungechungulia hesabu mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kuamua mapema: tofauti iwe kubwa kiasi gani ndipo jaribio lisimamishwe, na watoto wote wapewe dawa iliyoshinda?

Wenzangu wa Maputo, kwenye simu, walitaka kipimo kilekile kila mara. Nikakataa. Kila unapochungulia unajipa nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati, na watoto wakiwa bado wachache, bahati ina nguvu zaidi. Mstari wa kwanza, yaani tofauti ya kutosha kusimamisha jaribio, uwe juu sana, wa pili ushuke, wa mwisho ukaribie kipimo cha kawaida. Nikawaambia wawatazame hao wa gesi: wanatoboa kisima, wanatoboa kingine, ndipo wanatamka kuwa gesi ipo. Huku mjini watu walishauza mashamba kwa tetesi za kisima cha kwanza. Wakakubali. Mstari ukawa wangu.

Hesabu ya kwanza niliifanya peke yangu, mlango umefungwa, maana matokeo hayasemwi nje ya kamati inayosimamia jaribio. Dawa mpya ilikuwa mbele sana. Kwa kipimo chao tungesimama siku ileile. Mstari wangu haikuufikia.

Dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, alikuwa na mwanawe kwenye jaribio. Nilikuwa na bakuli la bluu: nilikuwa nikimpelekea likiwa na sukari, naye akilirudisha kila Ijumaa na wali wa nazi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Ijumaa ile aliliweka mezani, hakukaa.

"Kaka, nasikia umeshaona. Mwanangu anakunywa ile nzuri au ile nyingine?"

"Sijui yuko upande gani. Na nilichokiona siwezi kukisema."

"Sikuombi siri za gesi yao. Nakuuliza habari za mpwa wako."

"Hakuna iliyoshinda bado, dada."

"Hakuna! Mbona umekonda?" Akacheka, kisha akaacha. "Mwenye diploma wetu. Umesoma yote, umesahau kusema na watu."

Wiki hiyohiyo alimtoa mtoto kwenye jaribio, akahamia kijiji cha Pundanhar kwa wakwe zake. Ijumaa zikapita. Nilijifunza kupika wali, na nilipika mwingi mno kwa mtu mmoja.

Hesabu ya pili, tofauti ilipungua. Ya mwisho, ilikwisha. Dawa zilikuwa sawa. Kamati ilinipigia simu kunipongeza kwa mstari ule, nami nilistahili. Simu ilipokatika, nyumbani hapakuwa na wa kumwambia.

Matokeo yalipotangazwa nilijaza bakuli sukari nikaenda Pundanhar kwa ile barabara ya mashimo. Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hazina tofauti?"

"Hazina."

"Basi siku ile ungenijibu lolote, kaka. Lingekuwa sawa."

Mtoto alikuwa mzima, akinichungulia mlangoni. Dada akamimina sukari chunguni, akaliosha bakuli, akalikausha vizuri kwa kanga, akanipa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimelipakata, jepesi.