Mwaka Aliokufa Nehemiah

Muhonja alirudi kwao Shinyalu mwaka wa 1991 na godoro moja, sufuria tatu na kuku wawili waliofungwa miguu. Mume wake, mkata miwa wa Kabras, alikuwa amezikwa wiki sita tu, na shemeji zake walikuwa wamemweleza bila kupandisha sauti kwamba mwanamke ambaye hakuzaa hana cha kulinda pale. Hakubishana nao. Alijua kwao kulikuwa na mama, na mama alikuwa na kipande cha shamba.

Mama yake, Khasandi, alikuwa anakaribia miaka sabini. Kipande chenyewe kilikuwa ekari moja unusu: majani chai upande wa juu, mahindi na maharagwe upande wa chini, hadi kwenye njia ya miguu inayoingia msituni. Aligawiwa na baba mkwe wake, mzee Lijodi, kwa sababu alikuwa mke wa Nehemiah, kifungua mimba wa mzee. Nehemiah aliingia jeshi la Waingereza mwaka wa 1942, akapelekwa ng'ambo vitani, na Shinyalu haikumwona tena.

Muhonja alikua akiijua habari ya baba yake kwa namna moja tu, ile aliyosimuliwa na mama. Mume alipoondoka, Khasandi alikwenda Lugari kufanya kibarua katika shamba la mzungu. Vita vilipokwisha, Nehemiah alipitia huko kwa likizo ya siku kumi, akamwachia mimba, akarudi kambini, na habari zake zikakatika. Khasandi akarudi Shinyalu na mtoto mgongoni. Mzee Lijodi alimpokea yule mtoto kwa mikono miwili na kumpa jina la marehemu mama yake mwenyewe.

Watu wengine walikuwa na maneno yao. Walisema Nehemiah alitoroka jeshini, akaoa Uganda, na huko ana wana wakubwa wenye ng'ombe. Kila harusi, kila matanga, kulikuwa na mtu wa kuyarudia hayo. Watoto shuleni walimwita Muhonja mtoto wa mtoro. Khasandi alikuwa akiyasikia yote na kuendelea kuchambua mboga, na Muhonja aliamini kwamba ule ukimya ni wa mke aliyeachwa na bado anapenda.

Mzee Lijodi alikufa, na mwanawe wa pili akafa baadaye. Mambo ya ukoo yakabaki mikononi mwa mwana wa huyo wa pili, Phanuel, karani katika chama cha wakulima, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya taratibu. Mwaka wa 1998 Phanuel aliamua shamba la babu ligawanywe na kila mtu apate hati yake. Alipofika kwenye sehemu ya Nehemiah alisimama. Alisema hawezi kumwandikia mtu urithi wa baba ambaye haijulikani kama yu hai au amekufa. Wana wa Uganda wakitokea kesho, ukoo utawaambia nini?

Naibu wa chifu aliona neno hilo lina uzito. Alimshauri Muhonja atafute chochote kinachoonyesha kwamba Nehemiah alikufa. Akikipata, mama na binti wataandikiwa sehemu yao na kesi itakwisha.

Basi Muhonja akaanza kutafuta. Misheni walimfungulia kitabu cha ubatizo, akaliona jina la baba yake kwa wino uliofifia, lakini kitabu kilijua kuzaliwa tu. Mjini Kakamega aliambiwa karatasi za wakati wa vita zilipelekwa Nairobi. Aliandikiwa barua mbili kwenda Nairobi, na hakuna iliyojibiwa. Alitembea hadi Malava kumwona Makhanu, askari mkongwe aliyekuwa Burma. Mzee huyo alimkumbuka Nehemiah mmoja vizuri sana, mrefu, mpiga tarumbeta, na baada ya saa nzima ikajulikana kwamba yule alikuwa Nehemiah wa Bunyore na alikufa nyumbani kwake juzi tu.

Kila aliporudi, Khasandi alimwambia neno lile lile: aache, mtu aliyelala aachwe alale. Muhonja alidhani ni uchungu.

Msaada ulitoka kanisani. Msichana mmoja wa kwaya, Gentrix, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa kilimo mjini, na ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu. Gentrix alikuwa ameonyeshwa na mgeni mmoja kwamba huko kwenye mtandao kuna madaftari ya kila namna yaliyowekwa wazi, watu wa Ulaya wakitafuta babu zao humo bila kulipa chochote. Aligundua kwamba daftari la askari waliokufa katika vita vile nalo lipo, na Waafrika wamo. Alimwita Muhonja aje saa ya chakula, mkubwa wake akiwa ametoka.

Ilikuwa Februari ya 1999. Muhonja aliketi kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, wakati simu ikilia na ukurasa ukishuka polepole kama pazia. Waliandika Lijodi, wakakosa. Waliandika kwa r mahali pa l, Rijodi, kama karani wa mzungu alivyoweza kulisikia. Likatokea jina moja tu.

Gentrix alisoma akifasiri kwa Kiswahili. Nehemiah, mwana wa Rijodi, wa Shinyalu, Kakamega. Mume wa Kasandi. Alikufa Burma tarehe kumi na tisa Septemba 1944. Hana kaburi, jina lake limechorwa ukutani pamoja na wenzake.

Muhonja aliomba asomewe tena, na tena. Kisha akalia kwa furaha, jambo lililomshangaza Gentrix. Baba yake hakutoroka. Hakuoa Uganda. Kwa miaka yote ile waliyokuwa wakimcheka, alikuwa mfu. Gentrix alimtolea nakala kwenye karatasi nyeupe, naye akaitia ndani ya Biblia isikunjike.

Nyumbani alimkuta Khasandi jikoni, akamsomea yote kwa kichwa. Mama alisikiliza akitazama moto.

"Wameandika mwaka?" aliuliza.

"Wameandika. Arobaini na nne."

Khasandi aliepua sufuria. Kisha akasema, "Usiipeleke."

Muhonja alimuuliza kwa nini. Mama alirudia neno lile lile. Muhonja alikasirika, mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kabras. Alimwambia kwamba yeye Khasandi aliwaacha watu wamtukane mume wake miaka hamsini bila kufungua mdomo, na sasa ushahidi umepatikana anataka uoze ndani ya nyumba. Khasandi aliinua mkono kama anayetaka kusema jambo, halafu akautumia mkono huo kusogeza kuni.

Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa Phanuel. Walikuwapo naibu wa chifu, wazee wanne, na majirani waliokuja kusikiliza tu. Khasandi aliletwa kwa sababu jambo lilimhusu, akawekwa kwenye kiti chenye mkono mmoja. Muhonja alivaa gauni lake la kanisani. Alisimama akaeleza safari zake zote, hata ile ya Malava, na watu wakacheka kidogo kwa upole. Kisha akatoa karatasi.

Phanuel aliisoma kimya. Alitoa kalamu akaipitisha ncha chini ya mstari bila kuandika. Akasema karatasi ni nzuri na anamshukuru dada yake kwa kazi kubwa. Halafu akamwomba kitambulisho chake.

Muhonja alikitoa, akidhani ni cha kuandikiwa shamba.

"Dada," Phanuel alisema, "hapa umeandikwa umezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na saba."

"Na kadi ya ubatizo?"

"Hiyo hiyo. Februari, arobaini na saba."

"Na baba yako alikufa mwaka gani?"

Muhonja alifungua mdomo kujibu, kwa kuwa jibu alikuwa nalo, alikuwa amelikariri njia nzima kutoka mjini. Hapo ndipo miaka ile miwili ilipokutana kichwani mwake kwa mara ya kwanza. Alimgeukia mama yake. Khasandi alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimemfunika macho.

Phanuel hakupaza sauti. Aliwasaidia wazee kuhesabu kwa vidole, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mtu pale uwanjani akawa ameelewa. Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. Naibu wa chifu alisema yeye hakuleta karatasi hiyo, ameletewa, na imejieleza.

Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko chai iliyofuata. Khasandi ni mke wa Nehemiah, karatasi yenyewe imesema, na mahari yake yalilipwa. Atakaa pale pale mpaka Mungu amchukue, na atazikwa pale. Huyu mwingine ni mtoto wa huko alikotoka. Kwa kuwa anamtunza mama mkubwa, alisema Phanuel, anaweza kuendelea kumtunza.

Karatasi hakurudishiwa. Phanuel aliitia fremu ya kioo akaitundika sebuleni. Mwezi wa Aprili aliandaa ibada ya kumkumbuka Nehemiah, shujaa wa ukoo aliyesingiziwa bure. Mchungaji alimshukuru Phanuel kwa kuliosha jina la baba yake mkubwa. Waliimba, wakachinja kuku kumi na wawili, wakasonga obusuma, ugali wa kulisha kata nzima. Maji ya kupikia yalitekwa mtoni na Muhonja, safari tisa, kwa sababu wanawake wa ukoo walimwambia achote na hakujua atasema nini akikataa. Jina lake halikutajwa. Gentrix, aliyekuja na kwaya, alimwona akipita na mtungi, akashindwa kumwangalia.

Nyumbani, mama na binti waliishi wiki kadhaa wakiongea juu ya chumvi na kuni tu. Muhonja alimpikia, alimwogesha, alimpaka mafuta miguuni, na hakumuuliza. Mwezi wa Juni Khasandi alishikwa na kifua, hospitali ikamrudisha nyumbani. Hapo Muhonja akauliza.

"Nani?"

Khasandi alisema alikuwa mtu pale shambani mwa mzungu. Hakuwa mzungu. Alikuwa na funguo za ghala. Alisema wanawake wote walikuwa wanamwogopa, na kwamba hakumpenda hata siku moja.

"Jina lake?"

"Sitakutajia."

"Mama, nina haki."

"Nikikutajia utamtafuta," alisema Khasandi. "Nakujua. Utamtafuta mpaka umpate, na atakuwa vile vile alivyokuwa."

Muhonja alimbembeleza siku tatu. Siku ya pili alimnyima uji mpaka saa ya jioni, akifikiri njaa itamlegeza, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu yeyote ila mimi ninayesimulia haya, niliyekuja kuwa jirani yake. Khasandi hakulegea. Alikufa Alhamisi asubuhi, akazikwa Jumamosi upande wa juu, na Phanuel akatoa hotuba fupi juu ya mke mwaminifu aliyesubiri.

Jumatatu walikuja watu wa kupima shamba. Phanuel alimpa Muhonja hadi mwisho wa mwezi, akamruhusu avune maharagwe.

Muhonja alikwenda Chekalini. Hakuwa na mtu huko, ila ni sehemu ya Lugari, na alitaka kuiona. Mashamba ya wazungu yalikuwa yamekatwakatwa zamani na kugawiwa watu. Hapakuwa na ghala, na hakuna aliyekumbuka mnyapara yeyote aliyeshika funguo. Alipata chumba nyuma ya duka la posho mill, kinu cha kusaga unga, na kibarua cha kupalilia mahindi kwa mama mmoja, Jepkorir, aliyemlipa vizuri na kutomuuliza maswali.

Agosti ilikuwa sensa. Karani alikuwa mwalimu kijana mwenye ubao na penseli, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa Muhonja. Aliuliza jina, umri, mahali alipozaliwa. Aliuliza idadi ya watoto, akaandika sufuri. Aliuliza kama mama yake mzazi yu hai. Amekufa, alisema Muhonja.

"Na baba?"

Muhonja alitazama magugu yaliyoshika kwenye kucha zake.

"Sijui," alisema.

Karani hakushangaa. Fomu ilikuwa na nafasi ya jibu hilo pia. Aliweka alama, akamwomba radhi kwa usumbufu, akaenda mlango wa pili.