Mhudumu Aliyevua Shati

Mdogo wangu alikuwa mhudumu katika meli ya abiria. Shati lake jeupe la kazi alilipiga pasi mwenyewe, hakumwachia hata mkewe. Watoto wa mtaani walimwita Kapteni Sahani. Alicheka tu, akawajibu, "Kapteni asipokula, meli haiendi!"

Meli ilipopanda mwamba na kuanza kulala ubavu, kazi yake ilikuwa kuwapandisha abiria kwenye mashua za kuokolea. Badala yake akavua shati, akajifunika blanketi, akaketi mashuani kati ya wanawake. Mpishi mkuu, aliyemfundisha kazi, alikuwa pale akiwashika watu mikono wavuke. Alimwona. Hakumwita.

Nchi kavu waliookolewa walilazwa katika ukumbi wa shule. Mjane wa mpishi akapita godoro kwa godoro.

"Mwanangu, mpishi mnene, mwenye sauti kama honi, hukumwona?"

"Sikumwona, mama. Kulikuwa na giza."

Mama yule akamfunika miguu vizuri, akaenda kwa mwingine.

Basi mtaani kwa mpishi ikaenea habari kwamba alikuwa amerudi jikoni na kufia sufuria zake. Watu wakacheka. Mdogo wangu akasikia, akaacha kutoka nje. Mwishowe akanieleza, uso ukutani.

Enzi za baba yetu, naye baharia, hili halikuwa na mjadala. Aliyenusurika alikwenda kwa miguu yake nyumbani kwa mwenzake aliyezama, akasimama, wala hakukubali kiti mpaka aseme alivyomwona mara ya mwisho. Leo kampuni inatuma ujumbe wa simu, nasi tunaona tumeshazikana. Tumekuwa watu wa ajabu.

Nikamwambia avae viatu.

"Kaka, atanitemea mate."

"Akutemee. Mate hukauka."

Mjane alimtambua mara moja. "Si wewe wa blanketi? Karibu, baba, keti."

Hakuketi. Akasema yote: shati, mashua, mpishi alivyomtazama, na uongo wa pale ukumbini. Mimi nilikodolea macho sakafu. Tumenyonya ziwa moja. Aibu yake ilinipanda hadi masikioni.

Mama akaweka mkono shavuni.

"Kwa hiyo hakuwa jikoni."

"Hakuwa, mama. Alikuwa anapandisha watu. Na mimi alinipisha."

"Na mtoto wangu amepigana shuleni kwa ajili ya sufuria."

Mama akaenda dirishani, akawaita wanawe, akamwita shemeji yake, akawaita hata majirani waliokuwa wakianika nguo. Chumba kikajaa mpaka mlangoni.

"Haya," akamwambia. "Anza tena. Na pale kwenye blanketi usipakimbie."

Akaanza tena. Alipokaribia mwisho, jirani mmoja akaingia amechelewa, akiuliza kuna nini. Mama akamwonyesha pa kusimama.

"Mrudishie mwanzo," akasema.