Filimbi ya Mulidi

Nilimwahidi babu kwamba filimbi yake ya mti haitaguswa na joto kabla haijakauka. Leo, hapa Moroni, harufu ya mafuta ya nazi imenirudisha barazani kwetu Mutsamudu. Mulidi, dhikri yetu ya dufu na filimbi, ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa nikipitisha kitambaa chenye mafuta hayo ndani ya filimbi ili niianike kivulini. Mmoja wa mamluki wa Kizungu waliokuwa wakilinda serikali ya visiwa vyetu akaninyang'anya, akaipuliza, akacheka, kisha akailaza juu ya boneti ya gari lake lililokuwa likitoa joto.

"Itapasuka! Mwambie, mjukuu wangu, kwa Kifaransa chako cha shule," babu alininong'oneza.

Nikamwambia.

"Basi tungoje tuone," akajibu.

Tukangoja, wazee wa mtaa wakiinamisha vichwa, mpaka tukausikia mti wa filimbi ukipasuka.

Msomaji, tafadhali usiniambie kwamba walikuja kutulinda.