Debe la Mama Pale Hambugi

Sisi tuliokulia Majengo, hapa Songea, hatukuhitaji meli kufika Ujerumani. Ilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Palikuwa na mashine ya kusaga iliyotoka misheni, ubavuni ina bamba la chuma lenye jina la mji wa bandari ilikotengenezwa: Hamburg. Sisi tukaita Hambugi, yakaisha. Mtaa ukawa Hambugi. Timu yetu ya mpira wa matambara, Hambugi. Hata beberu la mwenye mashine, lililotafuna kaptula yangu ya shule, nalo Hambugi!

Asubuhi za Juni, baridi ikitung'ata masikio, tulipanga madebe ya mahindi foleni. Ukishaweka debe, nenda kacheze kombolela, hakuna wa kukuruka. "Debe ni mtu," mama alikuwa akituambia.

Siku moja uchungu ulimshika mama palepale kwenye foleni. Wanawake wakamzungushia khanga, akazaliwa mdogo wangu wa kike. Debe la mama lilikuwa la mwisho, lakini wenyewe walilisogeza mbele, na uji wa mzazi ukapikwa kwa unga ule ungali wa moto. Mtoto angeitwa nani tena? Hambugi. Jina la ubatizo analikumbuka padri tu.

Mashine ilikufa zamani. Juzi tulipoambiwa tuchague jina la kibao cha mtaa, vijana wetu, hawa wanaopiga picha ugali kabla ya kuula, wakataka Dubai. Dubai! Mkutanoni mwenyekiti akasema wa Dubai wapange mstari kushoto, wa Hambugi kulia. Kushoto kukajaa. Jamani, niliumia. Jina la mdogo wangu lilikuwa linafutwa mbele ya macho yake.

Hambugi alikwenda nyumbani, akarudi na debe la mama, kutu tupu, akalitua kulia.

"Shikamoo, mama. Hilo la nini?" kijana mmoja akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Hili lilitangulia. Nyie mmefika lini?"

"Debe ni mtu!" bibi mmoja akapaza sauti, akaja nyuma yake na mkongojo wake. Wakafuata wenzake. Kisha wajukuu wao, wakicheka kwa aibu, wakaanza kuhama kutoka Dubai mmoja mmoja.

Siku hizi unga ni wa pakiti, unanunua na kuondoka bila kujuana na mtu. Foleni zetu zimekwisha, na mama hayupo. Lakini kibao kimesimama, MTAA WA HAMBUGI, nami nikipita pale natembea kifua mbele. Debe la mama tumeliacha chini ya kibao. Hakuna anayelisogeza.