Kisahani cha Nyumba ya Pili

Kwa miaka thelathini Gaudensia hakumpenda mke mwenzake, Yunis, wala hakuficha. Mume wao alipofariki, nyumba zao mbili pale Mwitongo zilibaki zikitazamana, zizi la ng'ombe katikati, kila moja na jiko lake na ukimya wake. Kisha Clementi, mwanawe Gaudensia anayefanya kazi Dodoma, akamletea mama yake modemu ndogo. Mtandao wake uliishia zizini. Basi kila siku saa kumi na moja jioni Yunis akawa anavuka na kigoda mkononi, anakaa sebuleni kwa mwenzake na kuongea kwa video na binti yake Stellah, aliyeko masomoni India.

Simu ikikatwa, hakuondoka mara moja. Walikunywa chai. Walimsengenya marehemu kidogo, wakacheka mpaka machozi. Hivyo ndivyo Gaudensia alivyopata rafiki akiwa na miaka sabini na moja, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa sita Clementi akamtuma Magige, fundi wa mitandao wa Mukendo mjini, akafunge mtandao wa maana. Magige alizunguka nyumba zote mbili, macho kwenye simu yake.

"Mama, ruta moja haitoshi hapa, hata ningeleta yenye antena nane. Kuta za mawe, bati juu, na hatua arobaini katikati. Ruta tunaweka kwako, halafu tunavuta waya mpaka kwa mama mdogo, naye tunamfungia akses pointi yake ya kumrushia mtandao ndani." Akatoa kitu cheupe, cha mviringo kama kisahani cha chai.

"Ruta moja inatosha," Gaudensia akasema.

"Kwa mama mdogo haitafika."

"Si anakujaga hapa? Miguu anayo."

Magige akacheka. "Mama, bado mnagombania mume? Mzee alishaondoka!"

"Ng'ombe watatafuna waya."

"Naufukia ndani ya bomba."

"Na radi? Radi za huku unazijua?"

"Naweka kinga. Na Clementi ameshalipia vyote."

Yunis alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chini. Gaudensia alijua anavyoonekana: mke mkubwa mwenye roho mbaya. Angesemaje sasa? Kwamba ukipata mtandao wako hutakuja tena? Hakujua maneno kama hayo mtu huyaanzia wapi.

"Haya. Funga."

Kesho yake saa kumi na moja ilifika, ikapita. Alimsikia Stellah akicheka ng'ambo ya zizi, sauti safi, haikatiki. Magige alikuwa fundi mzuri. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Siku ya tatu Gaudensia alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, nusu akaimwaga.

Siku ya nne Yunis akatokea na kigoda chake.

"Kisahani kimekufa, dada."

"Kimekufa? Kina siku nne tu!"

"Vitu vya siku hizi vinakuwaga hivyo. Sogea nikae."

Asubuhi Gaudensia akampigia fundi simu. Magige aliangalia mitambo yake huko huko Mukendo.

"Hakijafa, mama. Hakina umeme tu, tangu jana saa kumi. Kamwambie achomeke waya."

Akavuka zizi. Yunis alikuwa shambani, mlango wazi. Kisahani kilikuwa mahali pake, kizima. Waya wake wa umeme ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri, ukafungwa kwa kipande cha kanga na kuning'inizwa msumarini. Hakuna ng'ombe wala radi iwezayo kufunga fundo lile.

Aliligusa lile fundo, akaliacha lilivyo. Kisha akampigia Magige.

"Nimeona. Usijisumbue kuja. Umeme wa nyumba ile ndivyo ulivyo."

Jioni waliongea na Stellah, wakanywa chai. Kuku walipoanza kuingia bandani, Yunis akainuka, akachukua kigoda.

"Kiache hapo," Gaudensia akasema bila kumtazama, akisuuza vikombe. "Kila siku kubeba kigoda kama mtu anayehama."

Yunis akakirudisha chini, karibu na kiti cha mwenzake, akavuka zizi mikono mitupu.